Asilimia

Miaka kumi na minne nilisaga mawe ya watu.
Gramu mbili kikombeni, asidi, moshi wa kukohoza,
kisha tone la amonia, na maji yanageuka buluu,
buluu ambayo anga la Lubumbashi halijawahi kuifikia
hata mvua ya kwanza ikishaosha vumbi la Oktoba.
Naandika: tatu nukta sita. Natia sahihi.
Jiwe haliombi kupendwa.
Lina shaba au halina.

Mwezi wa tano ikaja mashine, ndogo kama pasi.
Unaielekeza kwenye jiwe, inasema yenyewe.
Bwana Kabwit alinishika kwa mikono yote miwili,
akanipa bahasha nyepesi.
Koti jeupe, alisema, baki nalo.

Sasa natangaza ndakala wa Mama Numbi kwenye simu.

Mwalimu wangu ni Feza, binti yangu, miaka kumi na sita:
"Baba, ondoa hiyo 'Tunawaarifu wateja wetu watukufu.'
Nani atasoma tangazo la msiba akiwa anakunywa chai?"
Nikaondoa. Nikaandika ninavyojua kuandika:
samaki, kilo, bei, soko la Kenya, mlango wa pili.
Watu wanne wakapenda.
Mmoja wao mimi.

Wiki tatu hivyo. Mega zinakwisha, unga nao.
Shemeji yangu akauliza mezani, bila ubaya,
kama hiyo ni kazi au ni ugonjwa.
Nilimega bukari, nikatafuna polepole
ili mdomo uwe na sababu ya kunyamaza.

Halafu Jumanne moja, nikiwa nasafisha kioo cha simu,
Mama Numbi alimwaga ndakala kwenye sinia,
akainama, akanusa, akatenga wawili pembeni.
"Hawa siuzi. Hawa nitakula mwenyewe,
nikiugua niugue peke yangu."
Sekunde kumi na moja. Hakujua narekodi.
Nilimwonyesha, akacheka, akasema tuma,
nikatuma bila muziki, bila neno,
na umeme ukakatika Katuba nzima.

Asubuhi: watu elfu sita na mia moja.
Likasi, Kolwezi. Mtu wa Mombasa akiuliza Kenya ipi.
Mwanamke mmoja yuko Ubelgiji, kwenye theluji,
aliandika tu: bibi yangu alikuwa anainama hivyo.

Waliokuja sokoni, niliwahesabu: ishirini na wawili.
Mkono wa zamani ukapiga hesabu wenyewe:
sifuri nukta tatu sita.
Jiwe la namna hiyo tungelitupa kwenye lundo
bila hata kulivulia kofia.

Lakini saa tatu asubuhi beseni lilikuwa tupu.
Mama Numbi aliligeuza, akalikalia,
akavua kandambili, akanitazama.
"Na kesho utawaonyesha nini?"

Sikujua.
Nilikuwa nimevaa koti langu jeupe, sijui kwa nini,
na mikono yake ilinuka samaki.