Ghorofa ya Nne

Kutaisi, mwezi wa pili, foleni ya mkate.
Mbele yangu Lamzira, muuza soksi,
anamsimulia mwoka mikate habari zangu
bila kujua ni zangu:
"Umemsoma yule Mwanamke wa Ghorofa ya Nne?
Mumewe kamwachia deni la jokofu.
Titi la kushoto limekatwa.
Anasema usiku hupapasa pale lilipokuwa
kama mtu atafutaye swichi gizani."

Sarafu mkononi mwangu zikaota jasho.

Niliandika yote hayo, naam, kwa mkono huu.
Nimewaanikia wageni shuka na madoa yake,
jina tu nikalibana kwa meno, kama kibanio
wakati mikono imejaa nguo.

Husema: kama ni kweli, mbona anajificha?
Nina binti. Jina lake silitaji hata hapa.
Aliniambia mezani, bila kuinua macho:
"Mama, ya kwako sema. Mimi usiniseme."
Tangu siku ile, katika maandishi yangu
hakuna mtoto.
Msomaji akihesabu vikombe
ataona kimoja kimezidi.
Basi.

Lamzira akageuka, mkate unamchoma kwapani,
akaniita jina langu, lile la ubatizo:
"Wewe ungekuwa yeye, ungethubutu?"
Nikasema sijui.

Akanitazama kifuani, kidogo tu,
kisha akatazama theluji mlangoni,
akamega ncha ya mkate, ile iliyokauka vizuri,
ambayo kila mtu hujiwekea mwenyewe,
akanipa.