Ngata

Lenzi si yangu.
Nimeiazima kwa shemeji Nandonde wa Mtwara,
apigaye picha za mpira, naye kanipa masharti:
isiguse chumvi, isiguse maji, isiguse mtoto.
Nami nimeileta Mchinga, kwenye majaruba,
kwenye chumvi na maji,
na watoto wanne wananifuata nyuma tangu alfajiri.

Namtaka sululu.
Hapa ukisema sululu unaletewa ile ya chuma,
ya kuvunjia gamba, chumvi ikishashikana.
Mimi namtaka yule mwenye manyoya,
aliyepewa mdomo uliopinda hivyohivyo,
anayechimba tope taratibu
kama mtu asiyelipwa kwa debe.

Nikasimika stendi. Miguu mitatu.
Nikajisemea, mafiga ni matatu, chungu hakitayumba.
Lakini figa hukaa juu ya ardhi,
na hili ni tope lililovaa ngozi:
mguu wa kwanza ukazama,
wa pili ukaufuata,
wa tatu ukabaki juu, ukiwashangaa wenzake.

Nilikuwa na kifuko cha mbaazi, kilo mbili,
nimekishona mwenyewe, cha kulazia lenzi.
Panya wa gesti wamekila daku.

Basi nikaishika mkononi.
Ukinitazama hivi hivi, mkono wangu umetulia.
Lenzi ndefu haikubali.
Haimkuzi ndege peke yake;
inakuza na kahawa niliyokunywa,
na pumzi, na mapigo ya moyo,
na kodi ya studio, miezi miwili sijalipa.
Picha ishirini na sita, na ndani ya zote
sululu ni moshi wenye miguu.

Somoe Likapa alikuwa akipita na debe lake.
Akatua. Akanitazama
kama unavyomtazama mtu anayekunja shuka kwa miguu.
"Wewe unabeba kwa mikono," akasema. "Ndiyo maana."
Akavua ngata, akaikung'uta, akaizungusha upya,
kipande cha khanga kilichobakiza nusu ya neno,
akairudisha utosini,
akaketi kwenye tuta, mgongo wima, uso kwa ndege.
"Weka."

Masharti ya Nandonde hayakutaja kichwa cha mtu.
Nikapiga magoti nyuma yake, nikaweka.

Kwa miaka kumi na tisa shingo ile
imepitisha chumvi mbichi, inayochuruzika,
juu ya matuta membamba kama kandambili.
Haikushangaa. Ilipokea tu.
Nikaisikia pumzi yake ikipanda, ikishuka,
na kule chini kabisa, kabla haijapanda tena,
pana mahali padogo, tambarare.
Hapo ndipo nilipobonyeza.

Watoto walinyamaza bila kuambiwa.
Sululu akageuka, ubavu wake ukashika jua,
tone la tope kwenye ncha ya mdomo,
tone zima, halijaamua kuanguka.
Nikangoja pumzi ya pili. Nikabonyeza.
Ya tatu akaruka.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera.
Akakikinga jua kwa kiganja, akatazama kwa muda.
"Huyu ndiye anayenichorachora
jaruba nikishalisawazisha."
Kisha, kwa sauti ya chini: "Kumbe ana nyusi."

Nikaingiza mkono mfukoni. Akaukataa kwa kichwa,
kichwa kilekile, sasa chepesi.
"Mwambie Chilemba aandike. Nimebeba."
Chilemba, msimamizi, akalamba kalamu ya risasi.
"Ngapi?"
"Debe moja," nikasema.
Akaandika moja.
Hakuuliza lina nini ndani.

Usiku, gesti, nikaipangusa lenzi ya watu.
Kwenye pete yake palikuwa na chumvi,
na uzi mmoja wa khanga.
Chumvi nimeifuta.