Madawati Arobaini na Mawili

Nimeambiwa niyahesabu kabla lori halijaja,
na kuhesabu ndiyo kazi niliyoizoea:
miaka sita Bugandika nilihesabu vichwa,
darasa la kwanza, mia moja sitini na watatu,
wanne kwenye benchi moja, waliobaki sakafuni,
na Koku, aliyeandika a-e-i-o-u
kwa kidole mgongoni mwa mwenzake
kwa sababu siku ile daftari lilikuwa zamu ya dada yake.

Hapa ni Cape Breton, mji wa mgodi uliokwisha makaa.
Mwezi wa tatu, na theluji imefika kwenye vitasa.
Nafagia shule itakayofungwa Ijumaa.
Wanafunzi kumi na mmoja.
Mabomba ya joto yanaguna usiku kucha,
yanapasha moto korido isiyo na mtu.

Bi Effie, mpiga kengele, aliniuliza,
wala si kwa ubaya, alikuwa anamenya chungwa:
"Lakini kwenu mbona mnazaa hivyo?"

Jibu nilikuwa nalo, ila lilizidi muda wa chai.
Ningeanza na bibi, aliyezaa tisa akazika watano,
akazaa wa kumi kama mtu aliyefunga mlango
kisha akarudi kuusukuma, ahakikishe.
Ningesema chanjo ilifika kabla ya barabara,
watoto wakaacha kufa,
na hakuna aliyemwambia bibi kwamba sasa anaweza kuamini.
Ningefika kwenye kibanja:
babu ekari kumi na mbili, baba tatu,
kaka yangu Kaijage robo tatu,
na mpaka wake na jirani unapita katikati ya mgomba,
mkungu wa mwaka huu wake, wa mwakani wa mwenzake.
Na kisima, kilichochimbwa kwa watu mia nne:
saa tisa usiku madumu yameshapanga foleni,
ya njano, yanasubiri kwa adabu kutushinda sisi.

Nikasema tu, "Ni habari ndefu."

Akanivuta hadi kwenye picha ukutani.
Madawati haya haya. Watatu watatu. Miguu mitupu.
"Yule mwenye suka ni mama.
Walizaliwa kumi na mmoja, vyumba viwili,
wanne hawakuufikia ubatizo."
Alikuwa akiwahesabu kwa vipande vya chungwa,
na chungwa likaisha kabla ya ndugu.
Kisha mgodi ukafungwa, vijana wakaenda Alberta,
na yeye mwenyewe ana mwana mmoja, na huyo ana paka.

Tulikaa kimya, mimi na yeye,
mmoja kutoka mwanzo wa habari, mwingine mwisho wake,
au kinyume chake, sijui.

Wazee wetu husema kila mtoto huja na sahani yake.
Siwapingi.
Ila sahani ya Koku ilikwama njiani,
na leo nadhani nimeiona:
iko hapa, juu ya bomba la korido,
inapata joto peke yake.

Nilimpigia Kaijage. Akacheka.
"Dada, nauli ya dawati moja kuvuka bahari
inanunua mbao za madawati kumi. Yaache.
Kama una chochote, pampu imekufa tena."
Na Koku?
"Ana binti mgongoni, na cherehani ya mkopo.
Anasema wa pili atasubiri deni liishe.
Mama mkwe amenuna. Yeye anashona."

Fomu ya manispaa ina kisanduku kimoja: Idadi.
Nimeandika 42.
Hawakuacha nafasi ya kuandika watu wangapi
wamekalia, wala wangapi wangeweza.

Dirisha limeshika mvuke.
Kidole changu, bila kuniuliza, kimeandika a,
kikaandika e, kikaanza i,
nikasikia lori.