Bango Linaloangalia Ziwa

Walipotutoa mwaloni walituahidi bango.
Bango wameleta, si uongo. Kubwa,
lina miguu ya chuma na rangi ya buluu,
limesimikwa juu ya jabali nyuma ya soko
na uso wake umeelekezwa ziwani.

KARIBU SOKO LETU LA KISASA,
linawaambia sangara.
Linawaambia korongo waliojikunyata juu ya mawe,
na magugumaji yanayosafiri kwenda yasikokujua.
Barabarani, anakopita mwenye pochi,
tumeachiwa mgongo: mabati, kutu, nati kumi na mbili.
Nimezihesabu. Muda wa kuhesabu ninao.

Kizimba changu ni namba mia moja na nne.
Kushoto kwangu Nyanjige wa viazi vitamu.
Kulia palikuwa na Mugeta wa nyavu kuukuu;
amerudi kwao Ukerewe, ameacha kufuli,
na kufuli nalo linadaiwa ushuru.
Maana kijana wa mashine hapotei.
Saa mbili kamili, inyeshe isinyeshe,
"Mwangaluka, mama," na mashine inatoa ulimi:
mia tano.
Sijauza hata kisado, mwanangu.
"Mashine haijui kuuza, mama. Inajua kukata."

Alisema kweli kupita kikao kizima.

Kwenye kikao Bwana Lugoye, meneja, alisimama,
akafungua faili, akalifunga, akasema soko linakua.
Kuna mkakati. Kuna mpango wa kulitangaza.
Nikanyoosha mkono: geti.
Geti linafungwa saa kumi na mbili,
na saa kumi na mbili ndipo akina dada wa viwanda vya minofu
wanatoka, mikono imekufa ganzi kwa barafu,
wanataka dagaa wa kupikia ugali wa usiku,
nyanya, kipande cha sabuni,
wanakuta mnyororo.
Akasema hoja imepokelewa.
Hoja zetu hupokelewa vizuri sana,
sijui huwa zinalazwa wapi.

Siku ya kupiga picha walikuja na mananasi ya kuazima.
Hapa hakuna auzaye nanasi.
Wakampanga Nyanjige nyuma yake, cheka,
akacheka (ana meno mazuri, mnisadiki),
halafu wakayarudisha mananasi kwenye gari
moja baada ya jingine, wakihesabu.
Ndiye huyo aliye kwenye bango,
kicheko cha mita tatu
kinachekea maji.

Sasa sikilizeni lililotokea Jumatano.
Alfajiri tulikuta mgongo wa bango umeandikwa
kwa chokaa, herufi zimepinda
kana kwamba mwandishi alining'inia kwa mkono mmoja:

DAGAA WAPO. VIAZI VIPO. SISI TUPO.
WAHINI, GETI LINAFUNGWA.

Meneja alipanda jabalini kwa viatu vyake vya ncha.
Nani? Kimya.
Nani? Tukatazama mizani.
Nyanjige alikuwa na chokaa chini ya kucha,
akaizamisha mikono ndani ya gunia la viazi
kama anayetafuta kimoja maalumu.
Likatangazwa kosa: kuharibu mali ya soko.
Faini, tugawane, vizimba vyote, hata kufuli la Mugeta,
na siku hiyo, nawaambia,
mashine haikukwama wala kukosa mtandao.

Nililipa. Risiti nimeibandika kwenye nguzo.

Saa kumi na moja na nusu akaingia mwanamke mmoja,
mabuti meupe ya kiwandani, anahema,
kaomba dakika ishirini kwa msimamizi wake.
"Napita hapa mwaka wa pili," akasema,
"nilidhani ni bohari."

Akanunua kisado kimoja, akaomba nyongeza.
Nikamwongezea kiganja.
Nikamwongezea na kingine.