Hesabu ya Pindoni

Andama aliniletea kadi akitoka Juba,
ya buluu, baridi, nyepesi kama gamba la samaki.
"Sasa," alisema, "wezi wa soko la Arua watalala njaa."

Nilifurahi, sikatai.
Kijana wa kaunta aliipokea kwa mikono miwili
kama cheti cha ubatizo,
akaigusisha mashine, mashine ikalia ti,
na kilo mbili za sukari zikawa zangu
bila mtu kulowesha kidole kwa ulimi,
bila kuambiwa chenji hakuna, mama, chukua peremende.

Sikujua kwamba ile ti
inasikika hadi Juba.

"Elfu kumi na nane, duka la dawa. Nani anaumwa?"
"Elfu saba, saluni. Si ulisuka juzi?"
Hakuwa mkali. Aliuliza kwa sauti ya mtu
anayehesabu mifuko ya saruji ikishushwa lorini.
Nami nikajibu, nikajibu,
mwisho nikawa najibu kabla sijanunua:
nimeshika kiatu chekundu, naikagua soli,
swali lake limeshavuka mpaka,
nakirudisha rafuni kwa pacha wake.

Basi mwezi wa tano nikapanga foleni benki
nyuma ya walimu waliokuja kuchungulia mshahara.
Nikatoa laki mbili kwa mpigo.
Ataona laki mbili.
Kilichomo tumboni mwa laki mbili hatakiona.

Noti zilikuwa mpya, zinakata vidole.
Nikazipeleka kwa Zubeda wa vitunguu azivunje,
akanirudishia pesa zilizoishi:
elfu moja iliyogangwa kwa selotepu,
elfu mbili inayonuka samaki wa Panyimur,
elfu tano ambayo mtu ameandika pembeni
namba ya simu, na jina, Fatna.
Sijui kama aliwahi kupigiwa.
Na sarafu: ng'ombe wa mia, samaki wa mia mbili,
korongo wa mia tano,
wote nikawafunga zizi moja pindoni mwa kitenge.

Jioni nafungua fundo,
namtilia mama mkwe elfu mbili kiganjani,
anakwenda kunywa kibuyu chake cha kwete,
anarudi polepole, anaimba kwa pua.
Mwanawe ameokoka.
Angesoma kwenye simu, Kwete, elfu mbili,
angefunga siku tatu kumwombea,
na bibi angekufa kwa kiu ndani ya maombi.

Kadi siisemi vibaya.
Siku waliponichania mkoba kwa wembe
waliambulia chanuo, bamia,
na kadi iliyokufa kabla hawajafika kona,
maana Zubeda alinipa simu yake nikapiga benki nikitetemeka.
Noti haijui kufa hivyo.
Noti humtumikia yeyote aliyeishika.
Nimepewa nyingine, ya kijani.
Sukari nanunua kwa kadi, na sabuni, na dawa ya panya,
vitu ambavyo havina aibu kujulikana.

Juzi Andama amerudi likizo.
Nikafua suruali zake.
Katika kile kimfuko kidogo ndani ya mfuko
kidole changu kikagusa karatasi:
pauni za Sudan Kusini, zimekunjwa mara nane,
zimelowa, zimegandana.

Nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.
Nikazibandua moja moja,
nikazipitishia pasi ya makaa, taratibu, juu ya kanga,
nikazikunja kwa mikunjo yake ileile,
nikazirudisha zilikokuwa.

Usiku, taa imezimwa, akakohoa.
"Vitunguu vimepanda bei siku hizi?"
"Kidogo," nikasema.
Akanivutia shuka.