Ankara ya Maganda

Siku sitini na tatu baharini,
kisha kumi na moja zaidi nje ya Fremantle,
meli ikingoja gati kama mtu anayengoja kinyozi.
Mimi huku Northam nafagia banda,
nafagia palipokwisha fagiwa.

Lancia, ya mwaka hamsini na nne.
Kijivu, kile cha njiwa aliyelowa.
Milango minne, wala hakuna nguzo katikati:
ukiifungua yote, ubavu unabaki wazi
kama kabati la bibi harusi.
Picha saba tu nilitumiwa. Saba,
na akiba yangu ikavuka bahari kuzifuata.
"Umenunua mbuzi kwenye gunia," alisema binti yangu Lorna.
Nikamjibu: gunia lenyewe lakini, litazame.

Aliyeniuzia ni mjane, Agatina Scandurra, wa Noto, Sisilia.
Barua yake alinisomea Silvano wa duka la mboga,
kidole kikifuata mistari.
Marehemu Nunzio, aliandika,
hakuruhusu mtu kula ndani ya gari hili.
Hata peremende. Hata siku ya ubatizo.
Alilifuta kwa fulana zake
zikiwa bado nzima.

Forodhani wakanikabidhi kwa Bi Thuy Lam,
glavu za buluu, tochi mdomoni.
Akalala chali chini ya chesisi,
akakwangua breki, akakwangua gasketi,
unga akautia kichupani, akaandika nambari.
Siku ya nne alisema: asbesto,
kwa sauti ya daktari aliyezoea.
Haiingii nchini. Breki zote zitoke.

Sikubisha. Miaka thelathini na moja nimepima ngano
kwenye maghala ya reli;
najua mdudu asiyezidi koma
anavyoweza kumaliza mkate wa wilaya nzima.

Ndipo akainua kiti cha nyuma.

"Bwana Trevaskis, hebu sogea."

Maganda ya lozi.
Si mawili matatu ya bahati mbaya. Kibaba kizima,
yamesukumwa kwa vidole hadi kwenye kona,
mengine meusi kwa uzee,
mengine yana rangi ya juzi.
Akayanyonya kwa mashine, akayafunga mifuko miwili,
yakaenda tanurini.
Ankara ikafuata: kuchoma maganda,
dola mia moja arobaini na mbili.
Sijawahi kulipa kiasi hicho
kwa chakula alichokula mwingine.

Wiki mbili nilikaa na kalamu.
Mjane umwambie nini?
Kwamba marehemu alikuwa mwongo?
Kwamba palikuwa na mtu mwingine,
mwenye meno mazuri?
Mwishowe nikaandika nilichokiona, na bei yake.

Jibu lilikuja bila salamu.

"Ni yangu.
Nunzio alilala mapema. Mimi nilishuka gereji
na lozi mfukoni mwa aproni,
nikaketi nyuma, upande wa kulia,
kama mtu mwenye dereva.
Palermo nimefika. Marseille nimefika mara mbili,
ya pili mvua ilinyesha.
Miaka arobaini hakusikia mlango.
Hizo dola usinidai.
Mimi nauli yangu nililipa."

Silvano alikunja karatasi,
akaanza kupanga nyanya zilizokwisha pangwa.

Breki mpya nimeagiza Melbourne.
Walisema mwezi ujao; sasa wanasema ule wa baadaye.
Gari liko bandani, matofali mbele na nyuma ya magurudumu.
Haliwezi kwenda
kwa kuwa haliwezi kusimama.

Jana usiku Lorna alipiga simu.
"Uko wapi, baba? Mbona kuna mwangwi?"
Dirisha lilikuwa limeshushwa nusu.
Kupitia mlango wa banda niliona taa za treni ya ngano
zikipita polepole, upande wangu wa kulia,
na kwa dakika nzima
sikujua ni nani kati yetu anayekwenda.

"Njiani," nikasema,
ganda likiwa bado mkononi,
vidole vikitafuta kona.