Bahasha ya Udongo wa Handali

Kazi yangu hapa Hombolo ni kuosha chupa.
Udongo sikuusomea; nimeusugua tu
miaka kumi na mmoja, kwa brashi na sabuni ya kipande.

Nyuma ya tanuri la kukaushia niliokota bahasha ya kaki,
pembe zimeliwa na mende, wino umefifia:
Handali. Njugumawe. Baada ya mavuno.
Tarehe ilikuwa ya mwaka ule tuliokula mlenda mtupu
na mvua ikatupita kama mgeni aliyekosea nyumba.
Msanjila akaipima kiganjani. "Tupa," akasema,
"hiyo imeshakuwa vumbi."

Sikutupa.
Vumbi nalijua kwa majina.
Lipo la Julai, linaloingia kwenye chai,
lipo la Oktoba, jekundu, linalolala kwenye kope za mbuzi,
na lipo vumbi lililofunga mlango tu,
limekaa ndani na akiba yake.

Maana ndivyo wanavyofanya, aliwahi kunieleza siku ya mshahara,
viumbe wale wasioonekana, bakteria:
jua likiikaba nchi kooni
hawahami. Waende wapi? Hawana miguu wala shemeji Dar.
Hujifunika ute, mmoja akamgandama mwenzie,
huweka sukari kidogo ndani ya mwili
ili ngozi isipasuke,
hupunguza pumzi, hupunguza maneno.
Wengi hufa, na waliokufa huwakinga waliobaki.
Nikamwambia: hiyo si sayansi, hiyo ni Handali
Januari ile ghala lilipobaki sakafu.

Nikamimina bahasha kwenye kopo la maziwa
juu ya mchanga uliookwa,
mbegu tatu, maji kifuniko kimoja kila jioni.
Siku ya arobaini na tano nikang'oa.
Mizizi ina vinundu,
shanga zilizokatika uzi.
Nikapasua kimoja kwa kucha:
ndani, wekundu. Wekundu wa ufizi wa mtoto mchanga.
Wako kazini! Wanaikamata hewa ya bure
wanaipika iwe chakula cha jani,
na jani linawalipa sukari, bila risiti.

Ningeishia hapo mngefurahi.

Lakini dada yangu Mbeleje analima zabibu Mpunguzi,
na Jumatatu alikuja na shina amelifunga kanga kama mgonjwa.
Shingoni mwake, pale linapoagana na ardhi, uvimbe:
mgumu, wenye magamba,
mkubwa kama ngumi ya mwanawe Chedego.
"Na hawa je, ni akina nani?"
Msanjila akatazama, akavua miwani.
Bakteria. Ukoo mmoja na wale wa kopo.
Hao nao huvumilia kiangazi udongoni, kimya,
wakisubiri jeraha: kovu la mkasi, jembe lililoteleza.
Wakishaingia huufundisha mzabibu kujijengea donda,
nao unajenga, unadhani ni mwili wake.

Mbeleje akakaa kwenye kreti la soda.
Mikono yake ilinuka salfa.
"Kumbe mvua tuliyoiomba," akasema,
"iliwanywesha wote."
Hakuna aliyemjibu. Feni ilizunguka.

Nikampa jiki kwenye chupa ya maji.
Uchovye mkasi kila shina, kabla hujagusa la pili.
Lenye uvimbe ling'oe na mizizi yake, likachomwe mbali.
Mashina arobaini na moja. Alihesabu kwa vidole,
akarudia, kana kwamba vidole vimemdanganya.

Usiku, nilipobaki peke yangu,
nilichota kijiko cha udongo wa lile kopo
nikautandaza juu ya gazeti, ukauke.
Bahasha mpya. Penseli, maana wino hauna subira.
Handali. Njugumawe.
Nikaandika mwaka.
Kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo,
kwa yeyote atakayeosha chupa baada yangu:
wamo. Usitupe.